Habari za Abebe Bikila, Askari Aliyekimbia

Katika nchi za bara la kati, kama vile Ugogo, Unyaturu na Mbulu, kwenda safari ndefu kwa miguu si jambo la kustaajabisha. Mchungaji hufuata ng'ombe wake tangu alfajiri hata jua kuchwa, wala hahesabu maili alizokwenda. Watu wa namna hiyo wako pia katika nchi ya Uhabeshi, iitwayo Ethiopia, iliyo upande wa kaskazini. Mmoja wao alikuwa Abebe Bikila, na habari zake ndizo tutakazosoma leo.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye milima ya Shoa. Baba yake alikuwa mchungaji, na yeye mwenyewe alichunga mifugo katika utoto wake. Alipokuwa hajatimiza miaka minne, majeshi ya Italia yaliingia katika nchi yake, na mwaka 1936 yakauteka mji mkuu, Addis Ababa. Mfalme Haile Selassie akaenda kukaa ugenini Uingereza, asirudi katika mji wake mpaka mwaka 1941.

Abebe alipokuwa mtu mzima akaenda Addis Ababa, akaandikwa askari katika kikosi cha walinzi wa Mfalme. Huko alikuwako mwalimu wa michezo, mtu wa Sweden, jina lake Onni Niskanen. Mwalimu huyu akaona ya kuwa askari yule mwembamba, mwenye maneno machache, alikuwa na nguvu za kukimbia mwendo mrefu bila kuchoka upesi. Akamfundisha kukimbia kwa akili, yaani asitumie nguvu zake zote mwanzoni, bali azigawe kama msafiri agawavyo maji yake nyikani.

Mbio zake zilikuwa zile ziitwazo marathoni, na urefu wake ni kilometa 42 na mita 195. Ukitaka kuufahamu urefu huo, fikiri mtu atokaye Dodoma mjini akimbie karibu mpaka Mvumi, asipumzike njiani. Katika mwendo huo unyayo hugonga ardhi mara maelfu mengi, na kila mara goti hubeba uzito wa mwili wote. Kwa sababu hiyo wako wakimbiaji wanaoshindwa hali pumzi wanazo bado. Magoti na miguu ndiyo inayokataa. Likumbukeni neno hili, kwa maana tutalirudia.

Mwaka 1960 Abebe alipelekwa Roma katika michezo ya Olimpiki. Watu wengi hawakumjua. Viatu vipya havikumkaa vema, naye alizoea kukimbia miguu mitupu. Basi akaviacha, akaingia mashindanoni bila viatu. Mbio zilikimbiwa jioni ya tarehe 10 Septemba, na giza lilipoingia askari walisimama kando ya njia wakishika mienge. Mwishoni walibaki wawili mbele ya wengine wote, Abebe na Rhadi ben Abdesselam wa Moroko. Karibu na mwisho njia ilipita mbele ya nguzo kubwa ya mawe iliyotoka Aksum, ambayo Waitalia waliichukua Uhabeshi mwaka 1937. Hapo Abebe alizidisha mwendo, akamwacha mwenzake, akamaliza kwa saa 2 na dakika 15 na sekunde 16. Mpaka siku ile hakuna mtu aliyekuwa amepata kukimbia marathoni upesi kuliko hivyo. Naye akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata nishani ya dhahabu ya Olimpiki, katika mji mkuu wa nchi ile iliyoshinda nchi yake alipokuwa mtoto. Nguzo yenyewe ilirudishwa Aksum mwaka 2005.

Mwaka 1964 michezo ilifanywa Tokyo, Japani. Wiki chache kabla ya mbio Abebe aliugua tumbo, akapasuliwa na madaktari, na watu wakadhani hataweza kushindana. Lakini alikwenda, safari hii amevaa viatu, akashinda kwa saa 2 na dakika 12 na sekunde 11. Aliyemfuata alifika zaidi ya dakika 4 nyuma yake. Hakuna mtu kabla yake aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Ikaja safari ya tatu, mwaka 1968, katika mji wa Mexico. Mji huo umeinuka mita 2,240 hivi juu ya bahari, yaani kama mara mbili ya Dodoma, na hewa yake ni nyepesi. Abebe alipewa nambari 1 kifuani kwa heshima. Lakini wiki moja kabla ya siku yenyewe mguu wake wa kushoto ulianza kuuma, na madaktari wakaona ufa katika mfupa mwembamba ulio chini ya goti. Hata hivyo aliingia mbioni. Alikwenda kama maili 10, na maumivu yalipozidi akatoka njiani. Mwenzake wa Uhabeshi, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda.

Siku ile ile alikuwako mtu mwingine mwenye mguu mbovu, naye alitoka karibu nasi. Huyu ni John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeikimbilia Tanzania. Njiani alianguka katikati ya wakimbiaji wengine, akaumia goti vibaya na kugonga bega. Akafungwa kitambaa, akainuka, akaendelea, mara akitembea, mara akichechemea. Aliingia uwanjani saa 1 na zaidi baada ya mshindi, giza limekwisha kuingia na watu wengi wamekwenda zao. Wakimbiaji 75 walianza, 57 wakamaliza. Na huyo wa 57 alikuwa yeye.

Labda mtauliza ni yupi kati ya hao wawili aliyetenda vema, yule aliyetoka au yule aliyeendelea. Wengine husema kwamba atokaye ni mwoga. Lakini msihukumu upesi, kwanza sikieni mwisho wa habari za Abebe.

Usiku mmoja wa Machi 1969, Abebe alikuwa akiendesha gari lake, likapinduka. Uti wake wa mgongo uliumia, na miguu ile iliyoshinda Roma na Tokyo ikafa ganzi. Akapelekwa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akakaa huko miezi mingi. Mikono ikapata nguvu tena, lakini hakutembea tena kamwe. Je, alikaa akilia? Hasha. Mwaka 1970 alishindana kupiga upinde, hali ameketi katika kiti cha magurudumu. Mwaka 1971 alikwenda Norway, nchi ya theluji, akashindana kuendesha kigari kisicho na magurudumu kikokotwacho na mbwa, akashinda. Alifariki Addis Ababa tarehe 25 Oktoba 1973, mwenye umri wa miaka 41, na Mfalme mwenyewe alihudhuria mazishi yake.

Basi, mtu kama huyo hakuwa mwoga siku ile alipotoka njiani Mexico. Mfupa ulikuwa na ufa, naye alijua mpaka wa mwili wake. Akhwari naye alijua kazi aliyotumwa, akaimaliza. Ujasiri si wa namna moja. Mtoto mwenye goti liumalo na aende kwanza kwa mganga, asijivunie maumivu. Lakini akiisha kuambiwa kwamba aweza kwenda, na aende mpaka mwisho, hata akiwa wa mwisho. Mtume Paulo alifananisha maisha ya Mkristo na mashindano ya mbio. Abebe alipoteza miguu yake, wala hakuyaacha mashindano.