Ibnun Nafis: Mwalimu wa Fiqhi Aliyeufumbua Moyo

Darasani umeambiwa kuwa mzunguko wa damu uligunduliwa na William Harvey mwaka 1628. Sawa, lakini hadithi haikuanzia hapo. Hebu mjue Ibnun Nafis.

Alizaliwa karibu na Damascus yapata mwaka 1213, akasomea utabibu katika hospitali ya Nuri, kisha akahamia Cairo. Huko alitibu watu na pia akasomesha fiqhi ya Imamu Shafii, madhehebu haya haya yetu ya Garissa, Wajir na Mandera.

Zama zile matabibu walimfuata Galen, Myunani aliyedai kuwa damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana. Hata Ibnu Sina alikubali. Ibnun Nafis alikisherehesha kitabu cha Ibnu Sina kwa heshima, lakini kufikia mwaka 1242 alikuwa ameandika kwamba ukuta ule ni mnene, hauna tundu. Damu lazima ipitie mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Akaongeza kuwa mapafuni mna njia ndogo ndogo za kuunganisha mishipa. Kapilari hizo Malpighi, Mtaliano, alikuja kuziona kwa hadubini mwaka 1661!

Tuseme haki: mzunguko wa mwili mzima aliuthibitisha Harvey. Kazi ya Ibnun Nafis ilisahauliwa mpaka mwaka 1924, daktari wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, alipouona muswada wake Berlin.

Alipougua maradhi ya mwisho, wenzake walimshauri anywe pombe iwe dawa. Akakataa, hakutaka kukutana na Mola wake nayo mwilini. Alifariki Disemba 1288, nyumba na vitabu vyake akaviachia hospitali ya Mansuri.

Sasa ndugu yangu, wewe unayesema biolojia ni mambo ya wazungu, unakremu tu ili upite mtihani, umesikia? Mwaka 2020, baada ya mashambulizi, walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa kaunti zetu, na somo hili likabaki yatima katika shule nyingi. Nani atalisomesha kama si wewe na dada yako?

Anza Ramadhan hii. Mbuzi akichinjwa kwa futari, omba moyo kabla haujaingia sufuriani. Upasue, tazama ukuta wa katikati, utafute hicho kitundu cha Galen. Hukioni, sivyo? Basi waite wadogo zako uwaonyeshe, uwasimulie na habari za sheikh huyu. Hapo umeshakuwa mwalimu, na maabara hukuhitaji.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na azikubali saumu zetu. Amin. Ramadhan Karim.