Kanuni yake ilipuuzwa, leo huwezi kuikwepa katika Fizikia

Umewahi kuchomeka pasi na birika la umeme kwenye ekstensheni moja, kisha ukagusa plagi ukapata ina moto? Hesabu ya kukuonya mapema ipo, na aliyeianzisha aliilipia kwa kazi yake.

Georg Simon Ohm alizaliwa Machi 16, 1789, mjini Erlangen, Ujerumani. Babake alikuwa fundi wa kufuli. Hakufika chuoni, lakini alijifunza hesabu mwenyewe hadi akaweza kuwafundisha wanawe nyumbani.

Usidhani Georg alikuwa wa vitabu tu. Alipoingia chuo kikuu mnamo 1805, alitekwa na dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. Mzee alikasirika kuona nafasi ambayo yeye hakuipata ikichezewa, akamtoa baada ya mihula mitatu. Kijana akaenda Uswisi kufundisha hesabu huku akijisomea. Mnamo 1811 alipata shahada ya uzamifu.

Kuanzia 1817 alifundisha katika shule ya upili mjini Cologne, iliyokuwa na maabara nzuri. Alitaka kujua waya unapunguza mkondo wa umeme kwa kiasi gani. Tatizo ni kwamba betri za wakati huo hazikutoa umeme wa kutegemewa. Basi akaunganisha metali mbili tofauti, kiungo kimoja akakiweka kwenye joto la maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Umeme ukatulia. Akabadilisha nyaya, fupi kwa ndefu, akipima kila mara. Waya ulipozidi urefu, ukinzani uliongezeka na mkondo ukapungua.

Alichapisha kitabu chake mnamo 1827, akitumaini kupata kazi ya chuo kikuu. Wapi! Wengi walikipokea kwa ubaridi. Ohm aliacha kazi yake Cologne, akahangaika miaka kadhaa hadi 1833 alipopata kazi Nuremberg. Heshima ilitoka ugenini: mnamo 1841 Royal Society ya London ilimtunuku nishani ya Copley. Uprofesa kamili aliokuwa akiutamani aliupata Munich mnamo 1852, akiwa na miaka 63. Alifariki huko Julai 6, 1854.

Sasa chukua kalamu. Ukinzani ni volteji ugawanye kwa mkondo. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240. Birika likivuta ampea 10, 240 gawanya kwa 10 ni 24. Ukinzani wake ni omu 24, kipimo kilichopewa jina lake.

Ukitaka nguvu, jambo ambalo wanasayansi wengine walilifafanua baadaye, zidisha: volti 240 mara ampea 10 ni wati 2,400.

Ongeza pasi ya ampea 5. Jumla ni ampea 15, ilhali plagi ya kawaida ya pini tatu imeundwa kubeba ampea 13 pekee. Ndiyo maana ilipata moto. Mzigo ukizidi zaidi, fyuzi inaweza kukatika; na kama mtu aliitoa akaweka kipande cha waya, nyumba inaweza kuungua.

Kwa hivyo leo jioni, kabla hujachomeka kitu cha pili, geuza kifaa usome wati zake. Gawanya kwa 240 upate ampea, kisha jumlisha. Ohm alitumia miaka kutafuta jibu. Wewe itakuchukua dakika moja tu.