Mtakatifu Apolonia, Bikira Mzee Aliyevunjwa Meno kwa Ajili ya Kristo

Kila tarehe 9 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Apolonia, bikira na shahidi wa Aleksandria, msimamizi wa madaktari wa meno na mwombezi wa wote wanaosumbuliwa na maumivu ya meno. Waamini wengi wanalijua jina lake kwa sababu hiyo moja tu. Maisha yake, na hasa umri aliokuwa nao alipouawa, hayajulikani sana. Tunapenda kuyaeleza hapa, kwa kuwa yana fundisho kwa kila familia inayoishi na mzee.

Tunayoyajua juu yake yanatoka kwa mtu aliyekuwa karibu na matukio. Mtakatifu Dionisi, Askofu wa Aleksandria wakati huo, alimwandikia barua Fabio, Askofu wa Antiokia, akimweleza mateso yaliyolipata kundi lake. Eusebi wa Kaisarea aliihifadhi sehemu ya barua hiyo katika Historia ya Kanisa. Barua haitaji wazazi wa Apolonia wala mwaka aliozaliwa. Inamtaja kuwa bikira, mzee, mwenye kustahili heshima kubwa.

Ilikuwa mwaka 249, mwishoni mwa utawala wa Kaisari Filipo Mwarabu. Amri ya Kaisari Decius ya kuwalazimisha watu wote kutoa sadaka kwa miungu ilikuwa bado haijatolewa. Hata hivyo, mtu mmoja aliyejifanya nabii aliwachochea wapagani wa Aleksandria dhidi ya Wakristo, na umati ukalipuka. Wa kwanza kukamatwa alikuwa mzee Metra. Alipokataa kumkufuru Mungu alipigwa kwa marungu, akachomwa usoni na machoni kwa matete makali, kisha akapigwa mawe nje ya mji. Baada yake Kwinta, mwanamke Mkristo, alipelekwa katika hekalu la sanamu. Alipokataa kuabudu, alifungwa miguu na kuburutwa juu ya mawe ya barabara, naye pia akauawa kwa kupigwa mawe. Kisha umati ukaingia katika nyumba za waamini, ukapora vya thamani na kuchoma moto vilivyobaki.

Ndipo Apolonia akakamatwa. Walimpiga mataya mpaka meno yake yote yakavunjika. Wakawasha moto mkubwa nje ya mji, wakamtishia kumchoma akiwa hai asipotamka pamoja nao maneno ya kumkana Kristo. Yeye aliomba aachiwe kidogo. Walipomlegezea mikono, alijirusha kwa haraka ndani ya moto ule ule waliomwandalia, akateketea.

Kitendo hicho cha mwisho kiliwahi kuzua maswali. Mtakatifu Agostino, akiandika katika Mji wa Mungu juu ya wanawake fulani waliojitupa mtoni wakati wa dhuluma, alikiri kwamba Kanisa linawaheshimu kama mashahidi, na kwamba huenda waliongozwa na agizo la Mungu mwenyewe. Lakini alisisitiza kuwa hakuna anayeruhusiwa kujitoa uhai kwa hiari yake. Nasi tunashika mafundisho hayo. Tunamheshimu Apolonia kwa sababu hakumkana Bwana wake, na moto ulikuwa tayari umewashwa na waliomhukumu.

Karne zilivyopita, ibada kwake ilienea Ulaya, na simulizi likabadilika. Mapigo ya mataya yaligeuka kuwa koleo la kung'olea meno. Mchoraji Mhispania Francisco de Zurbarán alimchora mwaka 1636 akiwa ameshika koleo lenye jino, na picha hiyo ipo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Apolonia wa picha hiyo ni msichana mwenye uso laini. Ndivyo walivyomchora wengi. Bibi mzee aliyetajwa na askofu wake ametoweka.

Jambo hili linatuhusu, kwa maana wazee wa nyumba zetu nao hutoweka kwa namna kama hiyo. Mtoto akilia jino, nyumba nzima haipati usingizi mpaka apelekwe hospitali. Bibi akisema fizi zinamuuma, anaambiwa kuwa huo ni uzee. Naye huzoea. Huacha nyama, huacha matunda magumu, hubaki na uji na chai. Hupungua mwili, na sisi husema umri umekwenda.

Kuoza meno na kuvimba fizi ni magonjwa. Si mapambo ya uzee. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu takriban bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na mengi kati ya hayo yanaweza kuzuilika. Tena madhara yake hayaishii kinywani. Kwa mgonjwa wa kisukari, fizi zenye maambukizi hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti, na sukari iliyopanda nayo huharibu fizi zaidi. Bakteria wa kinywani wakiingia katika damu wanaweza kushambulia vali za moyo zilizokwisha kudhoofika. Mzee aliyelala kitandani, asiyesafishwa kinywa, anaweza kuvuta mate yenye vijidudu hadi mapafuni akapata nimonia. Kwa hiyo kusafisha kinywa cha mgonjwa ni sehemu ya matibabu yake, sawa na kumgeuza ili asipate vidonda vya mgongo.

Kuna pia madhara ambayo hayapimwi kwa vipimo vya hospitali. Mtu anayeona aibu kufungua kinywa huacha kucheka, huacha kuimba, hukaa kimya katika sala za jumuiya ndogo ndogo. Kabla ya Injili kusomwa tunatia ishara ya msalaba midomoni mwetu. Katika ibada ya Ubatizo padre aweza kugusa masikio na kinywa cha mbatizwa, akimwombea asikie neno la Mungu na kuungama imani. Kwa kinywa tunaungama imani, na kwa kinywa tunampokea Bwana. Watesi wa Apolonia walilijua hilo kwa namna yao. Walivunja kinywa kilichokataa kukufuru, lakini hawakupata neno walilolitaka.

Tufanye nini basi? Siku mbili baada ya kumbukumbu yake, tarehe 11 Februari, Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani. Parokia nyingi huwatembelea wazee kwa sabuni, sukari na kanga. Tunashauri mfuko huo uwe pia na mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, na sukari ipunguzwe. Anayemhudumia mzee amsaidie kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Meno ya bandia yavuliwe usiku na kusafishwa. Asiye na jino hata moja asafishwe fizi na ulimi kwa kitambaa safi chenye unyevu. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa majuma mawili, au fizi zinazotoka damu kila mara, vipelekwe kwa daktari wa meno. Kumwomba Mtakatifu Apolonia hakuchukui nafasi ya matibabu, kwani Mungu hutuponya pia kwa mikono ya waganga.

Na pale ambapo mzee hawezi tena kutafuna, asidhani kwamba mlango wa Ekaristi umefungwa. Mhudumu anaweza kumpa kipande kidogo sana cha Hostia pamoja na maji. Ikilazimu, kanuni ya 925 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu apewe Komunyo katika umbo la divai peke yake. Familia imjulishe paroko mapema, ili ajiandae.

Mtakatifu Apolonia, bibi mzee wa Aleksandria, utuombee, na uwaombee wazee wetu wanaoumia kimya kimya.