Diego Rivera: Jamaa aliyezipa kuta za Mexico City mdomo

KABLA hujasoma zaidi, hebu jiulize: ukuta wa mwisho uliokusimamisha barabarani ulikuwa upi? Simaanishi tangazo la kampuni ya simu. Namaanisha ukuta uliochorwa na mtu, ukakufanya utoe simu mfukoni upige picha huku makanga akikupigia kelele uingie gari lijae. Kama unaishi Nairobi, lazima uko nao mmoja kichwani.

Mimi pia niko nao, ila haupo tena. Mwaka ule niliotoka chuo bila cheti, mimi na wenzangu wawili tulichora ukuta fulani Eastlands: akina mama wa mboga, watoto wakiruka kamba, mzee na baiskeli yake ya maziwa. Wiki tatu nzima. Asubuhi moja tukafika tukakuta kijivu kitupu. Mwenye jengo hakuwa na maneno mengi. Ukuta ni wake, akaupaka rangi. Wiki hiyo, kwa hasira, ndipo nilipoanza kusoma habari za Diego Rivera, na nikagundua kwamba sisi tulionewa kidogo tu. Yeye alilipwa hadi senti ya mwisho, kisha kazi yake ikabomolewa kwa nyundo.

Wacha nikueleze kutoka mwanzo.

Diego alizaliwa Desemba 8, 1886, katika Guanajuato, mji wa Mexico uliojengwa juu ya migodi ya fedha. Alikuwa pacha, lakini nduguye akafa kabla ya kufikisha miaka miwili. Yeye alianza kuchora kwenye kuta za nyumbani mapema mno, na mwenyewe alipenda kusimulia kwamba babake, badala ya kumtandika, alimpa chumba achore humo atakavyo. Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi familia ikahamia Mexico City. Akiwa bado mtoto akaanza kusomea uchoraji katika chuo cha San Carlos, na mwaka 1907 akapata ufadhili wa kwenda Ulaya.

Hapa nikutahadharishe. Diego alikuwa mwongo wa kiwango cha juu, na ukisoma simulizi zake mwenyewe usiamini kila kitu. Aliwahi kudai kwamba alipokuwa mwanafunzi alikula nyama ya watu. Alipenda pia watu waamini kwamba alishiriki mapinduzi ya Mexico yaliyoanza 1910, wakati ukweli ni kwamba karibu miaka yote hiyo ya damu alikuwa Paris, akinywa kahawa na kina Picasso na kuchora picha za vipande vipande kama kioo kilichovunjika, mtindo uliokuwa moto wakati huo. Alikuwa mzuri kwa mtindo huo pia. Angekaa tu Paris, pengine leo tungemjua kama mmoja wa wale wengi waliokuwa karibu na Picasso.

Lakini mwaka 1921 alirudi nyumbani. Kwanza alipitia Italia, akatazama michoro ya zamani kwenye kuta za makanisa, ile ambayo watu wasiojua kusoma walisomea hadithi zao. Mexico nako vita vilikuwa vimetulia, nchi imechoka, wakulima na vibarua wengi hawajui kusoma. Waziri wa elimu, José Vasconcelos, akaja na wazo ambalo hadi leo likitajwa bungeni lingechekwa: wapeni wachoraji kuta za majengo ya serikali. Diego alianza na ukumbi wa shule moja katikati ya jiji mwaka 1922. Kazi ile ilikuwa nzuri lakini baridi, watu warefu wenye sura za kutoka mbinguni. Mexico yenyewe ilikuwa haijaingia.

Iliingia mwaka uliofuata, katika jengo la Wizara ya Elimu. Hapo ndipo jamaa alipokuwa Diego Rivera.

Fikiria jengo lenye nyua mbili na ghorofa tatu, kuta zimezunguka pande zote. Alifanya kazi humo kuanzia 1923 hadi 1928, na alipomaliza kulikuwa na zaidi ya vipande 100 vya michoro. Mbinu yake ilikuwa ile ya zamani ya kuchora juu ya plasta mbichi, na nataka uielewe, kwa sababu si mchezo. Fundi wa mjengo anapiga plasta ya chokaa na mchanga, lakini anapiga sehemu ndogo tu, ile ambayo mchoraji ataweza kuimaliza siku hiyo. Mchoraji anasaga rangi, anaichanganya na maji matupu, anachora haraka plasta ikiwa bado na unyevu. Inapokauka, chokaa inashikana na hewa, inakuwa kama jiwe jembamba, na rangi inafungiwa humo ndani. Haitoki kwa kitambaa wala mvua. Lakini pia huwezi kufuta. Ukikosea, unachukua patasi, unabandua plasta, unaanza upya kesho.

Kwa hiyo mafundi walikuwa kazini kabla jua halijachomoza, na Diego akipanda juu ya mbao hakushuka hadi plasta ikatae rangi. Alikuwa mtu mkubwa, mrefu, tumbo mbele, macho yamejitokeza kama ya chura (hata yeye alijichora hivyo), mara nyingi na bastola kiunoni. Bastola haikuwa mapambo tu. Mwaka 1924 wanafunzi walivamia michoro ya wenzake kwenye ile shule, wakaikwaruza na kuiharibu. Magazeti nayo yalimcheka kwamba watu wake ni wabaya wa sura.

Na ni nani hao watu wake wabaya? Hapo ndipo penye utamu. Ni wachimba migodi wakiingia shimoni, na mmoja akitoka, mikono ameinyoosha kama msalaba huku akipekuliwa asiibe fedha. Ni mwalimu wa kike ameketi chini mashambani na wanafunzi wake, wazee na watoto, huku mtu mwenye farasi na bunduki akiwalinda. Wafinyanzi, wapaka rangi vitambaa, wakata miwa. Watu weusi wa ngozi, wafupi, wenye makalio mapana na kofia pana, ambao hadi wakati huo waliingia ofisi za serikali kwa mlango wa nyuma. Sasa walikuwa ukutani, wakubwa kuliko waziri.

Pia aliwachora matajiri wa Marekani wakila chakula cha jioni mezani, Rockefeller na Ford wakiwemo, huku wakisoma utepe wa dhahabu wa bei za hisa. Kumbuka mchoro huo. Tutaurudia.

Mwaka 1929 mambo mengi yalitokea kwa mpigo. Alimwoa Frida Kahlo, mchoraji mdogo wake kwa miaka 20. Chama cha Kikomunisti, ambacho alikuwa mwanachama wake, kikamfukuza. Akaanza ngazi kuu ya Ikulu ya Taifa, ambapo alibandika historia nzima ya Mexico ukutani, kuanzia miungu ya kale hadi Karl Marx. Na katikati ya hayo akachukua kandarasi ya balozi wa Marekani. Ndiyo, balozi wa Marekani. Wenzake walimwita msaliti, na siwezi kusema walikosea kabisa. Diego alipenda makabwela ukutani na mabwanyenye mfukoni. Lakini pia niulize: ni msanii gani Nairobi hajawahi kuchorea pesa za mtu asiyekubaliana naye?

Basi akaenda Marekani. Detroit, mwana wa Ford, Edsel, alilipia michoro 27 ya viwanda vya magari, ikamalizika 1933, na bado ipo. Kisha wakaja kina Rockefeller. Walikuwa wanajenga majumba yao marefu New York na walitaka mchoro mkubwa kwenye ukumbi wa kuingilia. Bei: dola 21,000, katikati ya miaka ambayo watu walipanga foleni kwa supu. Diego akachora mtu akiwa katikati ya mitambo na nyota, upande mmoja mabepari wakicheza kamari, upande wa pili wafanyakazi. Na kati ya wafanyakazi akaingiza uso wa Lenin.

Nelson Rockefeller, kijana wa miaka 24 wakati huo, alimwandikia kwa heshima akimwomba aweke uso wa mtu yeyote asiyejulikana. Diego akakataa, akasema yuko tayari kumwongeza Abraham Lincoln upande wa pili ili mizani ilingane. Mei 1933 akaitwa ashuke kutoka kwenye mbao, akapewa hundi ya pesa zilizobaki, akaambiwa kazi imekwisha. Mchoro ukafunikwa kwa turubai. Kabla ya hapo msaidizi wake, Lucienne Bloch, alikuwa ameingiza kamera kwa siri akapiga picha chache. Vizuri alifanya hivyo, kwa sababu Februari 1934, usiku wa wikendi, mafundi waliingia wakauvunja wote. Kumbuka nilivyokueleza kuhusu plasta: rangi iko ndani ya ukuta. Huwezi kuipangusa. Ilibidi ukuta wenyewe ubanduliwe.

Unajua alifanya nini? Alirudi Mexico City, akaomba ukuta katika Jumba la Sanaa, na mwaka huo huo wa 1934 akauchora mchoro ule ule upya. Lenin yuko pale pale. Safari hii akamwongeza Rockefeller mzee, ambaye alijulikana kwa kutogusa pombe, akiwa klabuni na wanawake na vinywaji, na juu ya kichwa chake vijidudu vya kaswende. Ningesema si vizuri, lakini nilicheka.

Nisikufiche upande mwingine. Kwa wanawake, Diego alikuwa hasara. Paris alimwacha mke wake wa kwanza, Angelina Beloff, baada ya mtoto wao kufa akiwa mchanga, na hakumwita tena. Alimsaliti Frida na dada yake Frida wa damu. Walitalikiana 1939, wakaoana tena 1940. Mtu anaweza kumchora mama wa kijijini kwa heshima yote hiyo na bado ashindwe kumheshimu yule anayelala naye nyumba moja. Mimi sioni sababu ya kumtetea.

Uzeeni alizidi kusogea barabarani. Mwaka 1951 jiji lilimaliza mfereji mkubwa wa kuleta maji kutoka mto Lerma, na Diego akachora ndani ya tangi pale Chapultepec ambamo maji yangepita. Yaani alichora mahali pa kuzama. Kuna mikono miwili mikubwa inayogawa maji, kuna vijidudu vya mwanzo wa uhai, kuna mwanamume Mwafrika na mwanamke wa Asia kama watu wa kwanza, kuna wafanyakazi waliochimba. Alijaribu rangi maalum za plastiki, lakini maji yalizila, na ilibidi baadaye yaelekezwe kwingine ili kilichobaki kiokolewe. Nje aliunda mungu wa mvua, Tlaloc, amelala chali ndani ya bwawa, sura yake ikitazama ndege zinazopita. Miaka miwili baadaye alifunika uso wa ukumbi wa michezo ya kuigiza kwenye barabara ya Insurgentes kwa vipande vya vioo vya rangi, ukaonekana na kila mtu aliye kwenye basi: katikati yuko mchekeshaji Cantinflas, akipokea pesa za matajiri na kuwapa maskini.

Nimekuwekea mwisho ule ninaoupenda. Mwaka 1947, hoteli mpya ya kifahari iitwayo Del Prado, iliyokabili bustani ya Alameda, ilimwomba mchoro wa chumba cha kulia. Akachora Jumapili mchana bustanini, watu wa karne nne wakitembea pamoja: washindi wa vita, marais, wauza maputo, wezi wa mifukoni. Katikati yuko mifupa ya mwanamke aliyevaa kofia ya manyoya, amemshika mkono mtoto mnene mwenye chura mfukoni. Mtoto ni Diego. Nyuma yake, amemwekea mkono begani, ni Frida. Pembeni yuko mwanafikra wa karne ya 19, Ignacio Ramírez, ameshika karatasi iliyoandikwa kwamba Mungu hayupo.

Askofu mkuu akakataa kuibariki hoteli. Vijana wakaja wakakwaruza maneno kwa kisu. Diego akayarudisha. Hoteli ikafunika mchoro mzima, na ukabaki hivyo kwa miaka kadhaa, wageni wakila mbele ya kitu wasichokiona. Diego hakukubali kubadilisha herufi hata moja.

Kisha Frida akafa, Julai 1954. Yeye mwenyewe akapata saratani, akaenda kutibiwa Moscow. Aliporudi, mwaka 1956, alikwenda hotelini, akapanda kwenye mbao, akafuta maneno yale kwa mkono wake, na akawaambia waandishi wa habari kwamba yeye ni Mkatoliki. Alifariki Novemba 24, 1957. Alikuwa ameomba majivu yake yachanganywe na ya Frida. Badala yake alizikwa katika makaburi ya mashujaa wa taifa.

Septemba 1985 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Mexico City, na hoteli ile ikaharibika isitumike tena. Ukuta wa Diego ulibaki umesimama. Wahandisi waliukata, wakaufunga kwa vyuma, wakaubeba mzima hadi ng'ambo ya barabara, wakaujengea makumbusho yake peke yake. Ukifika leo utamkuta Ramírez pembeni pale pale, karatasi iko mkononi, inataja tu mhadhara wake wa 1836. Yale maneno mengine hayapo.