Emile Berliner, Baba wa Sahani ya Santuri

Msafiri atokaye Jinja kwenda Tororo hupita Busitema, penye msitu na chuo kikuu kifundishacho uhandisi. Mipaka ya Busia na Malaba haiko mbali, na askari na polisi wengi wamepata kupangiwa kazi katika sehemu hizo. Askari wa huko akialikwa kwa mzee mstaafu, akaonyeshwa gramafoni iliyofunikwa kitambaa pembeni mwa chumba, huenda akadhani ni chuma chakavu kinachongojea mnunuzi wa vyuma. Leo tumeonelea vema kueleza maisha ya mtu aliyekivumbua chombo hicho, ili ijulikane ni kitu gani hupotea kinapouzwa kwa kilo.

Emile Berliner alizaliwa tarehe 20 Mei 1851 katika mji wa Hanover, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi yenye watoto kumi na watatu. Masomo yake ya shule yalikoma alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne, akaenda kufanya kazi ili kuisaidia familia. Mwaka 1870 alihamia Marekani, akawa karani wa duka mjini Washington. Baadaye, mjini New York, mchana alifanya vibarua na usiku alisoma sayansi. Hakuwa na shahada. Alikuwa na subira.

Matunda ya subira hiyo yalionekana mwaka 1877, alipobuni kipaza sauti cha simu, ambacho haki zake zilinunuliwa na kampuni ya Bell. Mwaka huo huo Thomas Edison alikuwa amebuni mashine ya kunasa sauti juu ya mcheduara. Sindano ya Edison ilichimba kwa kupanda na kushuka, na kila mcheduara ulikuwa taabu kuutolea nakala. Berliner alishika njia nyingine. Mwaka 1887 alipata haki ya uvumbuzi wa gramafoni, ambayo sindano yake huyumba kushoto na kulia. Punde akaanza kutumia sahani bapa: aliipaka sahani ya zinki nta nyembamba, sindano ikachora sauti katika nta hiyo, kisha tindikali ikaula mchoro ule hadi ukawa mfereji wa kudumu. Kutokana na sahani moja kiliweza kutengenezwa chapa, na kwa chapa moja zikafyatuliwa nakala nyingi. Hapo ndipo ulipo ukuu wake. Sauti ya mwimbaji mmoja sasa iliweza kuingia katika nyumba elfu.

Gramafoni za kwanza zilizungushwa kwa mkono, na mkono ukilegea wimbo nao ulilegea. Fundi Eldridge Johnson wa Camden alitengeneza mota ya kamani, na tangu mwaka 1896 mwendo ukatengemaa. Lakini biashara ilipostawi, wakala aliyepewa dhamana ya kuuza, Frank Seaman, aligeuka na kuungana na washindani. Mwaka 1900 mahakama ilimzuia Berliner kuuza chombo chake mwenyewe nchini Marekani. Alimwachia Johnson haki zake, naye Johnson akaanzisha kampuni ya Victor mwaka 1901. Berliner aliendeleza kazi mjini Montreal, Kanada. Hakuketi kuomboleza. Binti yake mchanga alipougua sana, alianzisha kampeni ya kuwaepusha watoto na maziwa yasiyochemshwa. Kisha akashughulikia mashine za kuruka wima, ambazo mwanawe Henry aliziendeleza. Alifariki dunia tarehe 3 Agosti 1929.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Sahani zake zilitolewa kwa nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni, nembo ya kampuni ya London iliyochipuka kutokana na kazi ya Berliner. Hivyo uvumbuzi wa karani yule wa Washington uliihifadhi sauti ya mwanamke wa Fumba hata baada ya kufariki kwake mwaka 1950.

Chombo hiki kina udugu na jeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Uingereza walibeba gramafoni ndogo za Decca mpaka mahandakini. Kampuni ya Garrard nayo ilianzishwa mwaka 1915 kutengeneza vipima umbali vya mizinga. Vita vilipokwisha, usahihi ule ule ukahamishiwa kwenye mota za gramafoni. Garrard 301 ya mwaka 1954 hata leo hutafutwa na wapenzi wa muziki duniani kote.

Mwenye kumiliki chombo cha namna hii ayazingatie yale aliyofundishwa juu ya silaha yake: kukijua, kukisafisha na kutokibadili ovyo. Gramafoni ya kamani isikazwe kwa nguvu kupita kiasi, na sindano yake ya chuma ibadilishwe kila baada ya upande mmoja wa sahani. Sindano hiyo isiguse kamwe sahani za plastiki za mwendo wa 33 au 45, kwani itaiharibu mifereji yake. Katika mashine ya umeme, mafuta yaliyoganda yaondolewe, beringi itiwe mafuta mapya, na gurudumu la mpira lililokakamaa libadilishwe. Ukitaka kuiboresha, anza na sindano nzuri na meza imara isiyotikisika. Vipuri vya asili vilivyotolewa vitunzwe, visitupwe. Atakayekuja baadaye atavihitaji.

Ndugu askari, Berliner alinyang'anywa soko, lakini kazi yake haikunyang'anyika, kwa kuwa aliifanya sawasawa. Basi mzee wa mpakani akitaka kuuza gramafoni yake kwa bei ya vyuma, tumshauri kwanza amwite fundi. Mara nyingi kilichokufa ni kamani au mpira tu. Sauti bado imo ndani ya mifereji, inangoja sindano.