George Westinghouse, mutu aliyefundisha upepo kusimamisha treni

Kila siku malori yanatoka mupakani Kasindi, yanapita Beni, yanapanda hadi Butembo na muzigo uliotoka bandari ya Mombasa. Lori kubwa ikisimama, mwenye kupita kando ya barabara anasikia mulio wa upepo unaotoka chini yake. Shofere anaujua mulio huo, tandiboyi anaujua, hata watoto wanauiga wanapocheza. Ni upepo wa freni. Mutu aliyetengeneza freni ya namna hiyo mara ya kwanza alikuwa na umri wa miaka 22, na hakuifanya kwa ajili ya lori. Aliifanya kwa ajili ya treni, kitu ambacho sisi wa Butembo na Beni hatuna. Reli iliyotukaribia zaidi ni ile iliyofika Kasese, Uganda, katika mwaka wa 1956.

Jina lake ni George Westinghouse. Alizaliwa tarehe 6 mwezi wa kumi 1846 katika kijiji cha Central Bridge, jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa na karakana ya mashini za kupura ngano, na familia ilihamia muji wa Schenectady wakati George alikuwa na karibu miaka kumi. Masomo hayakumupendeza sana. Alipenda vyuma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea katika inchi yao, aliingia jeshi angali kijana, kwanza kwa wapanda farasi, kisha baharini kwenye vyumba vya mashini za meli. Vita vilipoisha katika 1865, aliingia chuo cha Union College, lakini baada ya miezi kama tatu akarudi karakana ya baba yake. Mwaka huohuo alipata hati yake ya kwanza ya uvumbuzi, juu ya mashini ya muvuke.

Ili kuelewa kile alichofanya, tuangalie namna treni zilisimama wakati ule. Kila vagoni ilikuwa na gurudumu la mukono juu yake, lenye munyororo unaovuta freni. Shofere wa treni alipotaka kusimama, alipiga filimbi. Vijana wa freni walikimbia juu ya mapaa ya vagoni, wakiruka kutoka moja hadi nyingine, wakizungusha magurudumu hayo kwa mukono. Wakati wa baridi mapaa yalikuwa na barafu. Wengi walianguka na kufa, na wengine walipoteza mikono. Treni yenyewe ilienda mbali sana mbele ya kusimama.

Karibu mwaka wa 1866, Westinghouse alikuwa safarini kati ya Schenectady na Troy. Treni yake ilikwama kwa sababu treni mbili za muzigo ziligongana mbele yao. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, njia ilikuwa imenyooka, na mashofere wawili walionana mapema. Walipiga filimbi, lakini hakukuwa wakati wa kufunga freni zote. Jambo hilo halikumutoka katika akili.

Alijaribu munyororo murefu unaopita chini ya treni yote. Haukufaa. Alifikiri juu ya muvuke kutoka mashini, lakini muvuke unapoa njiani na kugeuka maji, hasa wakati wa baridi. Kisha akasoma katika gazeti habari za milima ya Ulaya. Kati ya Ufaransa na Italia, watu walikuwa wanatoboa mulima ili kupitisha reli, tuneli yenye kupita kilometa 12, kazi iliyoanza katika 1857. Injenieri Germain Sommeiller alikuwa ameweka huko mashini za kutoboa mawe zinazotumika kwa nguvu ya upepo uliokandamizwa. Kompresere zilikuwa inje, zikisukumwa na nguvu ya maji ya mulimani. Upepo ulipita ndani ya tiyo hadi kwenye jiwe, mbali sana ndani ya mulima, ukapiga nyundo, kisha ukawa pumuzi ya wafanyakazi walioko ndani. Muvuke usingeweza kazi hiyo, kwa sababu makaa ingeua watu kwa moshi.

Kijana wa Schenectady akaona jibu lake. Ikiwa upepo unaweza kusafiri mbali namna ile na kubaki na nguvu ya kuvunja jiwe, unaweza pia kusafiri chini ya vagoni kumi na kukaza freni. Hati ya uvumbuzi wake ilitolewa tarehe 13 mwezi wa ine 1869, na mwaka huohuo akaanzisha kampuni ya freni katika muji wa Pittsburgh. Wanaosimulia safari ya majaribio wanasema kama treni ilipotoka tu Pittsburgh, gari la farasi lilikwama juu ya reli. Shofere alifungua upepo kwa nguvu yote, na treni ikasimama hatua chache tu mbele ya mutu aliyekuwa ameanguka pale. Wakubwa wa kampuni ya reli waliokuwa ndani walitupwa chini kutoka viti vyao. Hawakuhitaji maelezo mengine.

Wengi wanamalizia hadithi hapo, lakini freni ile ya kwanza ilikuwa na ubaya mukubwa. Upepo ulikaa katika tangi moja, kwenye mashini ya mbele. Shofere alipofungua, upepo ulienda nyuma kusukuma freni. Basi kama tiyo imepasuka, hakuna freni. Kama treni imekatika katikati, vagoni za nyuma zinateremuka peke yake bila kitu cha kuzishika. Freni ilikosekana saa ileile ambayo watu waliihitaji zaidi.

Katika 1872 Westinghouse aligeuza kazi yote kichwa chini. Kila vagoni ilipata tangi yake ndogo na supapi yenye kazi tatu: kujaza tangi, kukaza freni, na kuilegeza. Tiyo inayopita chini ya treni inajazwa upepo wakati wote. Maadamu upepo umejaa, freni zinaachilia. Shofere akitaka kusimama, anatoa upepo katika tiyo. Supapi inasikia kama nguvu imepunguka, inafungua tangi ndogo ya palepale, freni inakaza. Na tiyo ikipasuka? Upepo unatoka, kwa hiyo freni inakaza. Treni ikikatika? Vipande vyote viwili vinasimama. Kwa maoni yangu, kukandamiza upepo ni jambo ambalo watu wengi walilijua mbele yake. Ukubwa wa Westinghouse ni kwamba alifanya kukosa upepo kuwe ndiko kunakosimamisha.

Wengine walichelewa kuelewa. Tarehe 12 mwezi wa sita 1889, karibu na Armagh huko Ireland, treni iliyojaa watoto wa shule ya Siku ya Yenga ilishindwa kupanda mulima. Wafanyakazi wakaikata katikati. Freni yake haikuwa ya kujikaza yenyewe, na vagoni za nyuma ziliteremuka na kugonga treni nyingine. Watu 80 walikufa, wengi wao watoto. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya kulazimisha freni zinazojikaza katika treni za abiria. Marekani iliweka sheria yake kwa treni za muzigo katika 1893.

Katikati ya hapo Westinghouse mwenyewe alipata haya mbele ya watu. Katika majaribio ya 1886 na 1887, kwenye reli ya Burlington, treni za muzigo za vagoni 50 zilitumia freni yake. Upepo ulichukua muda kufika nyuma, vagoni za mbele zilikaza kwanza, zile za nyuma zikazigonga. Alirudi karakana na baada ya miezi michache akaleta supapi ya haraka zaidi. Hiyo ndiyo ilikubaliwa.

Malori yalianza kutumia freni za upepo nyuma ya kifo chake, na baadaye kukaongezwa springi yenye nguvu nyuma ya gurudumu. Springi inataka kukaza wakati wote. Upepo ndio unaoizuia. Ndiyo maana lori iliyolala usiku na tangi kuvuja haitoki asubuhi hadi kompresere ijaze upya, hadi kama bari 5 au 6. Shofere mwenye haraka anakasirika. Lakini lori inafanya kile Westinghouse alitaka tangu 1872: hakuna upepo, hakuna safari.

Nyuma ya chombo cha springi kuna boli ndefu. Iliwekwa ili lori iliyokufa iweze kuvutwa hadi garaji. Mutu akiikaza na kuacha hivyo, ili asisumbuliwe na upepo unaovuja, amerudisha lori yake katika freni ya 1869. Itaenda vizuri kwenye tambarare. Siku mupira utakapopasuka katika muteremuko wa Kabasha, au kwenye kona za vilima kati ya Butembo na Beni, na muzigo wa saruji na watu waliokaa juu yake, hakuna kitakachoishika.

Adui wa upepo ni maji. Hewa ya Beni, karibu na pori, ina joto na unyevu. Kompresere inapoikandamiza inapata moto, kisha inapoa ndani ya tangi na kuacha maji chini. Maji yanachanganyika na mafuta yanayopita pembeni ya pistoni, yanakula chuma, yanaingia katika supapi na kuzikwamisha. Chini ya kila tangi kuna kifungulio cha kutoa maji hayo. Kukifungua jioni kazi inapoisha ni kazi ya dakika moja. Lori zenye chujio la kukausha upepo zinaomba chujio hilo libadilishwe. Likitoa maji meupe kama maziwa kwenye tangi, wakati wake umepita. Na uvujaji unatafutwa kwa maji ya sabuni, motere ikiwa imezimwa.

Butembo iko juu ya mita 1,700. Hewa ya hapa ni nyepesi: kompresere ikivuta litre moja, inapata karibu sehemu moja juu ya sita kidogo kuliko Mombasa. Kwa hiyo inazunguka muda murefu zaidi ili kujaza tangi ileile, na inapata joto zaidi. Basi mafuta yake yanachoka mapema, na chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu la barabara yetu linaongeza taabu.

Mambo haya yanamuhusu kwado pia, hata yeye ambaye hajagusa freni ya lori. Kompresere yake ya kutia upepo katika pine za pikipiki inakusanya maji vilevile. Tangi inaoza kutoka ndani, ambapo jicho halioni, na rangi ya inje inabaki nzuri. Tangi iliyotoboka kwa kutu haifai kuchomelewa na kurudishwa kazini. Mahali palipobaki ni pembamba, na bari 8 zinaweza kuipasua kama bomu. Supapi ya usalama, ile inayotoa upepo wenyewe nguvu ikizidi, inavutwa kwa mukono mara kwa mara ili kuona kama haijakwama. Kuifunga kwa boli eti inapiga kelele ni kujitafutia kifo. Na yule mwenye ufunguo wa upepo wa kufungulia magurudumu, matone machache ya mafuta kila asubuhi kwenye mulango wa upepo yanaupa maisha ya miaka.

Maisha mengine ya Westinghouse yangeweza kujaza kitabu. Katika 1871 aliwapa wafanyakazi wake mapumziko ya nusu siku kila Siku ya Posho, jambo ambalo wenye viwanda wengine waliliona kuwa upumbavu. Alinunua haki za uvumbuzi wa Nikola Tesla katika 1888 na kushindana na Thomas Edison juu ya namna ya kusafirisha umeme. Taa za maonyesho ya Chicago katika 1893 zilikuwa zake, na umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika muji wa Buffalo katika 1896 kwa mashini zake. Alipata zaidi ya hati 300 za uvumbuzi. Kisha taabu ya mabenki ya 1907 ikamunyanganya uongozi wa kampuni yake ya umeme, na katika 1911 alitoka kabisa. Kampuni ya freni ilibaki. Katika miaka yake ya mwisho alirudia upepo, akijaribu springi za upepo ili magari yasirushe watu katika mashimo.

Alikufa New York tarehe 12 mwezi wa tatu 1914, akiwa na miaka 67, na alizikwa Arlington kama askari wa zamani. Bibi yake Marguerite, ambaye alikutana naye ndani ya treni na kumuoa katika 1867, alikufa mwaka huohuo.

Kampuni ya freni iligawanyika mara nyingi tangu wakati ule. Tawi la malori lilinunuliwa na kampuni ya Ujerumani, ZF, katika 2020. Lakini katika garaji za Butembo, fundi akifungua supapi ya freni ya Mercedes au DAF ya zamani na kuipangusa mafuta, mara nyingi atasoma herufi tano juu ya chuma: WABCO. Ni kifupi cha jina la kampuni ya Pittsburgh, na W ya kwanza ni ya Westinghouse.