William Innes na Samaki Aliyebeba Jina Lake

Kuna mja aachaye mali, kuna aachaye wana, na kuna ambaye jina lake hubaki juu ya kiumbe. Wa namna hii ya mwisho alikuwa marehemu William Innes wa mji wa Philadelphia, Marekani.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1874. Riziki yake ilikuwa katika uchapaji, lakini moyo wake ulikuwa kwa samaki wa kufugwa. Mwaka 1917 alitoa kitabu juu ya samaki wa dhahabu na wale wa nchi za joto. Mwaka 1932 akaanzisha gazeti la wafugaji, na mwaka 1935 akatoa Exotic Aquarium Fishes, kitabu kilichochapwa mara nyingi kabla hajafariki mwaka 1969.

Katika miaka hiyo, Mfaransa Auguste Rabaut aliwatoa katika vijito vya Amazon samaki wadogo wasiozidi sentimita 4, wenye mstari wa buluu ung'aao ubavuni na wekundu kuelekea mkiani. Mwaka 1936 mtaalamu George Myers aliwapa jina la innesi, kumheshimu Innes. Madukani huitwa neon.

Kuweka samaki majini si jambo geni kwetu. Lamu wazee waliwatia katika mabirika ili wale viluwiluwi vya mbu. Lakini samaki wa birika la kioo hana pa kukimbilia. Maisha yake yote yamo mkononi mwa mwenyewe.

Neon ni samaki wa jamaa. Akiwekwa peke yake huingiwa na hofu, akajificha na rangi yake ikafifia. Wasipungue 6, na wakiwa 10 ni bora zaidi. Kwao maji ni laini, ilhali maji ya visima vyetu, yaliyopita katika jiwe la matumbawe, yana chokaa nyingi. Ya mvua yanawafaa zaidi. Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini sharti yatolewe dawa hiyo kwanza. Na birika jipya lahitaji majuma kadhaa ili vijidudu viondoavyo sumu ya kinyesi vipate kuota. Wengi huharakisha, na samaki hufa kabla ya mwezi kuandama.

Hapa ndipo nionapo thamani ya Innes. Hakuwaonyesha watu uzuri wa samaki tu. Aliwafunza wasiwasonge wala kuwalisha kupita kiasi.

Sisi tulikwisha kuonywa zamani. Twaijua habari ya mwanamke aliyeangamia kwa kumfunga paka bila chakula, na twajua pia kwamba mtoto Abu Umayr hakukatazwa ndege wake mdogo. Kufuga ni halali. Kutesa ndiko haramu. Kwa hivyo umnunuliapo mwanao neon, mnunulie na jamaa zake, na kabla ya hapo yatengeneze maji.